Benchi la Mbare na Mkeka Wetu

Juzi, tulipokuwa tukiuandaa ua wa kituo kwa ajili ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliniuliza kama mpango wetu wa bibi wanaowasikiliza watu uliletwa na Wazungu. Nilimwambia kwamba ulitoka Zimbabwe. Alishangaa, na mshangao wake ulinirudisha Mbare.

Mbare ni mtaa mkongwe wa Harare, wenye soko kubwa na kituo cha mabasi kisicholala. Huko ndiko Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alikoanzisha Benchi la Urafiki, mpango ambao bibi wa mtaa waliofunzwa huketi benchini na kuwasikiliza walioelemewa, mwaka 2006, mwaka mmoja baada ya serikali kuwabomolea watu makazi yao mijini. Hakupewa wauguzi wala vyumba. Alipata bibi 14 na nafasi ya nje, uani. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, watu wakalikwepa, na ni bibi hao waliomshauri abadilishe jina. Kwangu mimi, ushirikiano wote uliofuata ulianzia pale daktari alipokubali kusahihishwa na wenye mtaa wao.

Tulifika asubuhi, wauguzi na maofisa wachache kutoka Unguja. Hatukuruhusiwa kulisogelea benchi, na ilikuwa haki, kwa kuwa aliyeketi pale alikuja kutibiwa, hakuja kutazamwa. Kwa mbali nilimwona bibi mmoja ameweka karatasi ya maswali 14 ya kupima dalili gotini, kalamu imelala juu yake, na hakuishika kwa muda mrefu. Yule mwanamke kijana alizungumza, akanyamaza, akafuta uso kwa ncha ya kitambaa, akaendelea. Bibi hakumharakisha. Mimi, ambaye foleni ya kituo chetu imenizoesha kumaliza na mgonjwa kabla hajatulia vizuri kitini, nilijikuta nikisubiri bibi aseme neno, naye hakusema mpaka mwenzake alipokwisha.

Mchana tuliketi na bibi huyo pamoja na wanawake waliokwisha kupita benchini, ambao sasa hukutana kwa kikundi na kufuma mikoba kwa vipande vya plastiki iliyotumika. Wote walimwita Ambuya, yaani bibi kwa Kishona, nasi tukamwita hivyo hivyo. Nilikuwa na swali lililonisumbua tangu tulipoondoka nyumbani, nikamwomba muuguzi mwenyeji anitafsirie.

"Ambuya, kwetu nyumba zimeegemeana, na bibi wa mtaa anamjua kila mtu na ukoo wake. Nani atathubutu kumpa siri yake jirani?"

Hakuinua macho. Sindano yake ya kroshia iliingia na kutoka katika ule ukanda wa plastiki, akakaza fundo, akaligeuza pindo upande wa pili na kulikagua kwa kidole gumba. Ndipo akauliza, "Mwanangu, huko kwenu mtu akielemewa humwendea nani?"

Nikamtajia: mama, shangazi, shehe, wengine mganga.

"Na hao wanakaa mbali?"

Sikuwa na jibu. Aliendelea kwa utulivu kwamba majirani walikuwapo alipowazika wanawe, na kwa hiyo anayekuja kwake anajua anakuja kwa mtu wa aina gani. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna ripoti yoyote iliyokuwa imeniambia: wapo wa mtaa wake wanaokwenda kwenye benchi la zahanati nyingine, na yeye hawahukumu, maana wapo pia wa mitaa mingine wanaokuja kwake.

Shughuli zilizobaki za safari hiyo zilikuwa vikao, ratiba za mafunzo na rasimu za makubaliano. Tulielezwa jaribio lililochapishwa Desemba 2016, lililohusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, kazi ya watafiti wa Zimbabwe na wenzao wa London kwa fedha kutoka Kanada. Baada ya miezi 6, miongoni mwa waliohudumiwa na bibi, takriban 14 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa waliopata huduma ya kawaida, walikuwa 50 katika kila 100. Takwimu hizo ndizo zilizowashawishi wakubwa wetu. Mimi nilikuwa nimekwisha kushawishiwa na Ambuya.

Tuliporudi, wazee wa hapa walitusikiliza vizuri, kisha wakalikataa benchi. Walisema mwanamke akionekana uani, wazi mbele ya watu, ameketi anafuta machozi, habari zitamtangulia kufika kwa mumewe. Wakachagua baraza ya nyuma, na badala ya benchi wakataka mkeka, na bibi akae upande wa mlango ili anayepita asimwone mwenzake. Tukafanya hivyo, na watu wakaja. Wenye maradhi mazito bado tunawapeleka hospitali ya magonjwa ya akili ya Kidongo Chekundu, kwa kuwa hakuna bibi anayeweza kushika nafasi ya dawa.

Baadaye mshirika mmoja wa ng'ambo aliuliza, kwa nia njema kabisa, kama bila benchi, na kwa vikao tulivyovigawanya upya kuepuka saa za sala na siku za gulio, huu bado ni mpango ule uliothibitishwa. Swali hilo ni la haki, na linaniuma. Kilichopimwa Harare kilipimwa kwa utaratibu wake, na sisi tumeugusa utaratibu huo. Lakini tusingeugusa, wazee wetu wasingeketi. Mpaka uko wapi, na ni nani kati yetu, wao na mfadhili mwenye mamlaka ya kuuchora, sijaweza kusema kwa uhakika. Mwezi ujao tunakutana na wenzetu wa Harare kwa njia ya video, na nimeomba hilo litangulie bajeti kwenye ajenda, na kwamba safari hii bibi wa pande zote mbili wawepo kikaoni na wapewe nafasi ya kuzungumza kwanza.