Kiwanda Kinachokosekana Katika Tiba ya Selimundu

Tangu Uingereza na kisha Marekani ziidhinishe Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri jeni za seli za mgonjwa mwenyewe, mwishoni mwa mwaka 2023, wazazi wenye watoto wa selimundu hawachoki kuniuliza itafika kwetu lini. Bei iliyotangazwa Marekani, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, huwavunja moyo upesi. Mimi naona tuitazame bei hiyo kwa makini, kwa kuwa sehemu yake inatokana na namna dawa yenyewe inavyotengenezwa.

Kila mgonjwa hutengenezewa dozi yake peke yake. Damu yake hupitishwa katika mashine inayotenga seli shina, yaani seli zinazozaa seli za damu, na kumrudishia iliyobaki, na zisipotosha, kazi hiyo hurudiwa siku nyingine. Seli hizo husafirishwa hadi kiwandani, zikapigwa mshtuko mfupi wa umeme unaofungua utando wake ili kimeng'enya cha kukata jeni kipenye ndani. Kimeng'enya hicho hukata kipande kinachoiendesha jeni ya BCL11A katika seli za damu, jeni ambayo kazi yake ni kuizima himoglobini (protini inayobeba oksijeni katika damu) tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Ikidhoofishwa, himoglobini hiyo hurudi, na seli nyekundu haziumbiki tena kama mundu. Baada ya hapo seli hupimwa, hugandishwa na kurudishwa hospitali, ambako mgonjwa husafishwa uboho kwa dawa kali kabla ya kuzipokea. Utengenezaji na vipimo vyake huweza kuchukua hadi miezi 6.

Tanzania, ambako takribani watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, haianzii sifuri. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikiza uboho watoto wenye ugonjwa huu, kwa hiyo kukusanya seli shina, kuusafisha uboho na kumlinda mtoto asiye na kinga ni kazi ambazo wataalamu wetu wanazijua. Lakini upandikizaji huo humtaka ndugu anayelingana na mgonjwa, na wengi hawana. Tunachokosa ni hatua ya katikati, yaani kiwanda.

India imetuonyesha kwamba hatua hiyo inawezekana. Oktoba 2023 iliidhinisha NexCAR19, tiba ya saratani ya damu inayotumia seli za kinga za mgonjwa mwenyewe zilizobadilishwa jeni, ambayo ilibuniwa katika chuo cha IIT Bombay pamoja na hospitali ya Tata Memorial, ikatengenezwa humo humo nchini, na ikauzwa kwa takribani moja ya kumi ya bei ya Marekani.

Siku hizi zipo mashine zinazofanya hatua nyingi ndani ya mirija iliyofungwa, hivyo hospitali haihitaji jengo kubwa kama zamani. Ningependa Serikali ianze na chumba kimoja safi karibu na wodi ya upandikizaji, iwasomeshe mafundi wa maabara watakaokaa humo kwa miaka, na iwaandae wakaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuipitisha dozi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto mmoja tu.