Siku moja maishani mwangu: mgeni anapoondoka, mtoto anabaki na sisi

Watu wakisikia kwamba mimi ni mratibu wa wanaojitolea kwenye kituo cha watoto, hudhani kazi yangu ni kupokea wageni uwanja wa ndege, kuwaonyesha chumba cha kulala na kupiga nao picha. Kupokea ni kazi nyepesi. Kazi yenyewe iko siku mgeni anapofunga mizigo kurudi kwao. Nawaandikia kuhusu siku ya aina hiyo, kwa sababu wengi wanaijua kwa upande wa anayepanda ndege tu.

Saa 11:30 alfajiri

Naamka, naoga, napitia orodha ya anayeondoka: pasi ya kusafiria, tiketi, funguo za chumba, kitambulisho cha kituo. Halafu fomu ya picha. Kila anayejitolea kwetu hukaa nami tukapitia simu yake pamoja, na sura ya mtoto ambayo mzazi hakuiridhia inafutwa mbele yangu. Wapo wanaochukia zoezi hilo. Tunalifanya hivyo hivyo.

Saa 1:00 asubuhi

Wazazi wanaanza kuleta watoto. Kituo chetu ni cha kutwa, hakuna mtoto anayelala hapa, na tulikusudia iwe hivyo. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye taasisi za malezi duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mtoto mwenye mama hahitaji kitanda changu. Mama yake ndiye anayehitaji mahali salama pa kumwacha mpaka atoke kazini. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto, likazitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima, zikiwemo zile zinazofungamana na utalii. Siku azimio hilo lilipotoka nililisoma mara mbili, maana lilisema kwa lugha ya kimataifa jambo ambalo walezi wetu walikuwa wakililalamikia jikoni kwa miaka: wageni wanakuja, watoto wanawazoea, wageni wanaondoka, na wa kumbembeleza mtoto ni yule yule mlezi wa kila siku.

Saa 2:15

Anayeondoka anaingia ofisini kwangu, macho yamevimba. Ni binti mchapakazi. Tangu afike hajachelewa hata asubuhi moja, na watoto wa darasa la awali wanamwita anti kana kwamba wamezaliwa naye.

“Mwalimu,” akasema, “naomba niondoke wakiwa wamelala mchana. Nikimwona analia sitaweza.”

Nilijua anamsema nani. Ni mtoto wa miaka mitano aliyefika kwetu hasemi na mtu, na neno lake la kwanza alimwambia yeye. Mlezi wa zamu naye alikuwa mlangoni, akamuunga mkono. “Mwache mtoto wa watu aende kimyakimya. Watoto husahau.”

Hapo nilikaa nao muda mrefu kuliko nilivyopanga. Watoto hawasahau. Mtoto uliyemwacha amelala, akaamka asikuone, hajifunzi kwamba safari imefika. Anajifunza kwamba usingizi ni hatari, kwamba ukifumba macho mtu anaondoka. Kesho yake atagoma kulala, na atakayepambana naye ni huyu huyu mlezi. Nikamwambia binti kwamba machozi ya mtoto anayeaga ni machozi yenye afya, na sisi tupo kuyapokea. Tena tulikuwa tumejiandaa. Wiki nzima iliyopita alikuwa akikabidhi kazi zake moja moja mbele ya watoto: hadithi ya kabla ya kulala akaipokea mlezi, kunawisha mikono akapokea mwalimu msaidizi. Ukutani tulitundika mnyororo wa karatasi, kila asubuhi mtoto mmoja anakata pete moja, ili hata asiyejua kuhesabu siku aone kwa macho kwamba zinapungua.

“Na akiniuliza nitarudi lini?”

“Mwambie ukweli. Kama huna tarehe, huna ahadi.”

Alinyamaza. Kisha akatoa mfuko wenye viatu vipya, vya mtoto yule peke yake. Niliupokea nikauweka kabatini. Viatu vitatolewa na mama yake, siku mama atakayochagua, kama kitu alichomnunulia mwanawe. Binti aliona uchungu, na ninamwelewa, lakini zawadi ya mtoto mmoja mbele ya darasa zima humwachia huyo mmoja maadui, na humfanya mama mzazi aonekane mdogo machoni pa mwanawe.

Saa 4:00

Tukaaga. Hatufanyi sherehe, hakuna hotuba wala watoto kupangwa mstari kuimba. Walikaa kwenye mkeka, pete ya mwisho ikakatwa, akawaambia: “Leo naenda kwetu kwa ndege. Kwetu ni mbali. Sitakuja kesho. Nimefurahi sana kukaa nanyi.” Wengine walimkumbatia wakarudi kwenye michezo yao hapo hapo, watoto ndivyo walivyo. Yule mmoja alibaki amesimama. Hakuuliza habari za kurudi. Aliinua mguu mmoja mbele kidogo akauliza:

“Kesho nani atanifunga kamba?”

Binti alinitazama. Nilimwonyesha mlezi kwa macho. Akapiga magoti, akamwita mlezi, wakafunga pamoja: yeye kiatu cha kushoto, mlezi kiatu cha kulia. Mtoto alikagua mafundo yote mawili, akakivuta kile cha kulia kuona kama kimekaza, akasema cha mama mlezi kimekaza zaidi. Nilitamani wote wanaodhani kwamba walezi wetu ni watu wa kufagia tu wangekuwapo wamsikie.

Saa 5:00, au ndivyo ratiba ilivyosema

Mizigo garini, watoto dirishani wakipunga mikono. Dereva akazungusha ufunguo. Stata ikalia kidogo, ikanyamaza. Akajaribu tena, kimya. Betri imekufa.

Mtu asiyefanya kazi hii ataona ni jambo dogo, gari tu limegoma. Lakini watoto walikuwa wameshaaga. Kazi yote ya wiki nzima ilikuwa imeelekezwa kwenye dakika ile moja, kwamba gari linaondoka na anti yumo ndani, na sasa gari limesimama pale pale, anti anaonekana wazi kwenye kiti cha mbele, anajipangusa uso. Mtoto wa kwanza akapiga kelele: “Haendi!” Darasa zima likaitikia. Mmoja akatoka mbio kufungua mlango wa gari. Binti naye akafungua mkanda, ateremke.

Nikamwomba abaki ndani. Alinitazama kama mtu mwenye roho mbaya, na kwa dakika ile nilikubali kutazamwa hivyo. Akishuka, tunaanza upya. Wataamini kwamba wakilia vya kutosha gari haliwaki, na siku mgeni mwingine atakapoaga watalia mpaka watapike wakisubiri gari ligome. Basi nikawa nakimbia huku na huko, kwa dereva kuuliza fundi yuko wapi, dirishani kuwatuliza, darasani kumsaidia mlezi kuwavuta kwenye kona ya vitabu, tena kwa dereva. Nikawaeleza watoto lile lililokuwepo: gari limeharibika, linatengenezwa, likipona anti ataondoka. “Ataondoka kweli?” Kweli. “Hata tukimwita?” Hata mkimwita. Nililijibu swali hilo sijui mara ngapi, kwa sauti ile ile, maana mtoto hupima jibu kwa kuliuliza tena aone kama litabadilika.

Fundi alifika na waya zake baada ya karibu saa nzima. Gari liliwaka kwa kishindo, na wakati huo wengi walikuwa wamechoka hata kupunga. Shati langu lilikuwa limeloa. Tulitoka getini, binti akalia mpaka barabara kuu.

Njiani

Dereva wetu ni mtu mzima, alizima redio bila kuambiwa. Binti alipotulia nikamwambia yale ninayowaambia wote, kwa sababu kurudi nyumbani nako kunahitaji maandalizi, na mashirika mengi yanayoleta wageni hufundisha ya kwenda tu. Mwaka 1963 watafiti wawili, John na Jeanne Gullahorn, walieleza kwamba anayerejea kwao kutoka ugenini hupita tena kwenye kushuka na kupanda kwa moyo kama alivyopita alipofika ugenini. Wakauchora mwendo huo kwa umbo la herufi W. Kwa maneno ya kawaida: wiki ya kwanza utafurahi, halafu kitanda chako kitakuwa kigeni. Watu watakuuliza ilikuwaje, watasikiliza kwa dakika mbili, kisha watakuuliza kazi unaanza lini. Utawakasirikia kwa kuwa na vitu vingi. Hawajakukosea, walikuwa wakiishi maisha yao. Tafuta mtu mmoja mwenye subira umsimulie yote, na usiamue mambo makubwa ya maisha yako miezi ya mwanzo.

Barua zako zipitie ofisini na ziwe za darasa lote. Usimtumie mzazi fedha pembeni. Ukiahidi kuandika mara moja kwa mwezi, andika mara moja kwa mwezi. Kama hutaweza, usiahidi.

Uwanjani tulikumbatiana. Foleni ilikuwa ndefu, hakupata muda wa kusema mengi.

Jioni, sikuangalia tena saa

Nilirudi miguu imejaa, nikakuta wazazi wanachukua watoto. Mlezi alinipa habari: wengine wamecheza, wawili wamepigana, yule wetu hajalia kabisa. “Amekuwa mtoto mzuri, ametulia,” akasema mwalimu msaidizi kwa furaha.

Nilienda kumtazama. Alikuwa kwenye kona, mgongo ukutani, hachezi na chochote. James Robertson, mtafiti aliyefanya kazi na daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby mjini London, aliwachunguza watoto wadogo waliotenganishwa na mama zao walipolazwa hospitalini, akaona hatua tatu: kwanza mtoto hupinga kwa kilio, kisha hukata tamaa na kunyamaza, kisha hujitenga, huonekana mchangamfu lakini moyo umefunga mlango. Wauguzi wa zama zile waliuona ukimya wakasema mtoto amezoea. Ndiyo maana mtoto aliyetulia siku ya kuagana ndiye ninayemfuata kwanza. Nilikaa sakafuni karibu naye bila kumsemesha. Baada ya muda akaegemea mkono wangu, akalia. Alilia vizuri, kwa sauti. Mlezi akaja akamchukua mgongoni.

Mama yake alipofika nilimvuta pembeni.

“Mama, leo kaagana na mgeni wake. Usiku anaweza kushtuka, au kukojoa kitandani. Tafadhali usimgombeze. Akikuuliza anti yuko wapi, mwambie kaenda kwao, hatakuja kesho, lakini mimi mama yako nipo.”

“Kumbe! Siku zote mgeni akiondoka ananisumbua, nami nilidhani ni ukorofi.” Akamwinua, mkubwa vile alivyo, akambeba. Kuhusu viatu alisema atampa Jumapili.

Nilipofungua kompyuta kulikuwa na barua ya kijana aliyeondoka kwetu zamani kidogo. Anaandika kwamba hakuna anayemwelewa, anatazama picha za uwanja wetu wa michezo kila usiku, anataka kurudi mwezi ujao. Nilimjibu kwa kirefu licha ya uchovu. Nilimweleza kwamba darasa lake liko salama na mwalimu wake yuko. Nilimshauri pia, huko huko kwao, awatafute watoto wanaohitaji mtu wa kusoma nao kila wiki, mwaka hadi mwaka, kwa kuwa huko hatalazimika kuondoka.

Chini yake kulikuwa na ombi jipya: wiki mbili, “nipangieni wale wadogo kabisa, nawapenda sana watoto.” Nikaandika: “Asante kwa moyo wako. Darasa la wadogo halipokei wageni wa muda mfupi. Tunahitaji mtu wa kuwafundisha walimu wetu kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta, na mtu wa kukarabati paa la stoo. Ukiwa na ujuzi huo, niandikie tupange tarehe.” Nikatuma, kisha nikatoka kumuuliza dereva kama amepata betri.