Nilivyojifunza kuhifadhi kauli zinazofutwa na wanasiasa

“Hiyo picha imetengenezwa.” Maneno matatu tu, na kazi yangu ikaishia hapo.

Nilikuwa nimepiga skrinshoti ya chapisho la mwanasiasa mmoja aliyeapa kuupinga muswada fulani. Wiki mbili baadaye aliuunga mkono, na chapisho likayeyuka. Nikaisambaza picha nikijua nimemkamata. Alipokana, watu wakamwamini, na siwalaumu. Usiku ule nilifungua ukurasa wa mtu mwingine kwenye kompyuta, nikabadilisha maneno ndani ya kivinjari, nikapiga picha. Dakika tano hazikuisha, na kauli ambayo hakuwahi kuitoa ilikuwa mikononi mwangu, safi kama ya kweli. Nikaelewa kwamba nilichokuwa nacho hakikuwa ushahidi.

Nikaanza upya, safari hii na orodha. Akaunti 43, zote za watu wenye vyeo au wanaoviwania, na zote ni zile wanazozungumzia na umma. Za wake, waume na watoto wao sikuzigusa, hata zenye vituko. Rafiki yangu anayeandika programu alinitengenezea kitu kidogo ambacho kila baada ya dakika 15 kinapita kwenye akaunti hizo na kuchota maandishi, picha, saa, anwani na namba ya kila chapisho jipya. Mzunguko wa pili unarudi kwa yale ya zamani kuangalia kama bado yapo.

Ile namba niliidharau mwanzoni. Kwenye X, iliyokuwa Twitter, tarakimu ndefu zilizo mwishoni mwa anwani si za kubahatisha. Tangu mwishoni mwa 2010 zimebeba ndani yake wakati chapisho lilipozaliwa, hadi milisekunde. Igawanye namba hiyo kwa 4194304, acha desimali, jumlisha 1288834974657, nawe utapata milisekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970. Ukurasa ukishatoweka, anwani peke yake bado inasema uliandikwa lini. Kwenye ile skrinshoti yangu ya kwanza sikunakili anwani. Nilikuwa nimehangaika kuikata picha ipendeze.

Kisha kila faili likawa linapigiwa alama ya SHA-256, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na yaliyomo. Ukihamisha mkato mmoja tu, mfululizo wote unakuwa mwingine. Nilijiona nimefika. Rafiki yangu akaniuliza, “Na nani atajua kwamba hukuitengeneza faili jana usiku, ukaipiga alama asubuhi?” Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo orodha ya alama za siku nzima hutumwa kila jioni kwa barua pepe kwa watu wawili wasiofahamiana, ambao kazi yao ni kuitunza tu. Chapisho linalonitia shaka nalipeleka pia kwenye Wayback Machine, hazina ya nakala za kurasa za wavuti inayoendeshwa na shirika la Internet Archive, maana shahidi asiye mimi ana uzito kuliko daftari langu. Kwa Facebook na Instagram njia hiyo iliniangusha mara nyingi: nilikuwa nikikuta imehifadhiwa fomu ya kuingilia badala ya chapisho.

Nilidhani ugumu umekwisha. Kumbe ndio ulikuwa unaanza, kwa sababu kukosekana kwa chapisho hakumaanishi kwamba mwenyewe amelifuta. Wiki ya kwanza mashine ilinipigia kelele kwamba mwanasiasa mmoja amefuta kila kitu alichowahi kuandika. Alikuwa ameifunga tu akaunti yake ionekane kwa wafuasi. Mwingine alikuwa amenizuia mimi. Nilipotazama bila kuingia kwa jina langu, machapisho yalikuwa palepale. Kuna mtandao unaoliondoa chapisho wenyewe kwa kuvunja kanuni zake. Kuna aliyesambaza chapisho la mtu mwingine, kisha yule mwenye nalo ndiye akalifuta. Na kuna intaneti yangu, ambayo ilikuwa ikikatika na kunizulia mafuriko ya “wafutaji”. Nikaweka sharti: chapisho lisipoonekana, tunalitafuta tena baada ya saa moja, kisha kesho yake, kwa njia mbili tofauti. Mpaka hapo haliitwi limefutwa.

Pamoja na hayo yote, bado nilianguka. Mbunge mmoja aliandika jinsi atakavyopiga kura, akapiga kinyume, na chapisho likatoweka. Kwenye ukurasa wangu wa umma niliandika: “Alilifuta baada ya kura.” Msaidizi wake akaniandikia kwa upole, jambo lililoniuma kuliko tusi, kwamba bosi wake alibadili msimamo asubuhi, akalifuta, ndipo akaenda kupiga kura. Nikarudi kwenye kumbukumbu. Kompyuta yangu ilikuwa inaandika saa za hapa nilipo, ilhali zile tarakimu 14 za tarehe na saa zilizo katika anwani za Wayback Machine ni za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Nilikuwa nimezilinganisha kana kwamba ni saa moja. Hata baada ya kuzisawazisha, hali haikuwa nzuri: mara ya mwisho nililiona kabla ya kura, mara ya kwanza nililikosa baada ya kura, na katikati mashine ilikuwa imekwama kwa saa kadhaa. Huenda msaidizi alisema kweli, huenda hapana. Sikuwa na lolote la kumpinga. Nikasahihisha, nikaomba radhi mahali palepale nilipoandika.

Ndipo nilipokiri kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: sijawahi kushuhudia ufutaji hata mmoja. Ninachokuwa nacho ni nyakati mbili na pengo katikati. Nikaifuta safu iliyoitwa “Saa ya kufutwa”, nikaweka mbili: “Lilionekana mwisho” na “Lilikosekana kwanza”. Msomaji anaona pengo lote, hata likiwa la aibu kwangu.

Lakini pengo likiwa dogo, linasema mengi. Septemba 2017 Donald Trump alifuta machapisho ya kumpigia debe Luther Strange, mgombea wa useneta, baada ya Strange kushindwa katika mchujo wa chama kule Alabama, Marekani. Kukosea kutabiri mshindi si aibu kubwa. Uzito ulikuwa katika kilichotokea kati ya kuonekana na kukosekana.

Mfano huo niliujua kupitia Politwoops, mradi wa kukusanya machapisho yaliyofutwa na wanasiasa, ulioanza Uholanzi mwaka 2010 na kufika Marekani 2012 kupitia shirika la Sunlight Foundation. Mwaka 2015 Twitter iliufungia mlango wa kuchotea data, ikisema uwezo wa kufuta ni wa kila mtumiaji, na hakuna anayestahili kuliko mwenzake. Desemba mwaka huohuo pande hizo zilipatana, na upande wa Marekani ukaendelezwa na chombo cha habari cha ProPublica. Miaka michache baadaye, 2023, Twitter iliondoa njia ya bure iliyotumiwa na miradi mingi midogo. Nasi tulikumbwa. Kuanzia hapo akaunti 43 zikawa 12, zinazotembelewa kwa mkono asubuhi, mchana na usiku. Pengo la dakika 15 likawa la saa nyingi, na safu zangu mbili zinasema hivyo bila kuficha.

Hoja ile ya Twitter kuhusu haki ya kufuta, nusu yake naikubali. Sehemu kubwa ya nilichonasa ni makosa ya herufi: chapisho linafutwa, dakika tatu baadaye linarudi likiwa limenyooshwa. Kumwanika mtu kwa hilo ni umbea. Yale tunayahifadhi, hatuyaonyeshi.

Kuna moja nililionyesha ambalo sikupaswa. Mwanasiasa alikuwa ametuma rambirambi pamoja na picha ya marehemu, kisha akaifuta. Kwangu ilikuwa “imefutwa” kama nyingine, nikaipandisha. Siku mbili baadaye ndugu wa marehemu akaniandikia. Wao ndio waliomwomba aiondoe picha, naye akawasikia. “Sasa tunakuomba na wewe.” Sikubishana. Niliiondoa picha na maandishi kwenye ukurasa wa umma na kwenye faili zangu pia, nikaacha mstari mmoja: “Limeondolewa. Sababu: faragha ya familia.” Pamoja na tarehe.

Haikupita wiki, mtu nisiyemjua akanitumia skrinshoti ya ukurasa wangu, ya kabla na ya baada, na swali: “Mbona na wewe unafuta?” Alikuwa amenakili anwani na saa, zote za UTC. Nikamwelekeza kwenye ule mstari, nikamwomba hiyo ya kabla asiisambaze. Kisha nikamuuliza kama angependa kuwa mtu wa tatu wa kupokea orodha ya alama kila jioni. Alikubali.