Brashi tatu zinanitosha kuchonga uso

Uso wangu ni wa duara na mashavu yamejaa. Bila mekapu hauna shida, kwa sababu vivuli vyake vya asili vinaonekana. Nikishapaka fondesheni, vivuli vyote vinafunikwa, uso unabaki rangi moja, na kwenye picha za ukumbini natoka bapa. Kontua, yaani kuchora vivuli usoni kwa rangi iliyokolea, kwangu ni kurudisha kilichofunikwa, basi. Wale wanaojichora mistari kila kona ya uso hadi shingoni wana sababu zao.

Kabla ya brashi kulikuwa na suala la rangi. Mimi ni mweusi hasa, na zile paleti zilizokuja dukani miaka ya nyuma, rangi waliyoiita kivuli ndiyo ilikuwa ngozi yangu. Kontua inataka rangi iliyokolea kukuzidi kwa hatua mbili hivi, na isiwe na wekundu, maana kivuli hakina wekundu. Kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 za fondesheni, wengine nao wakaongeza rangi za weusi, na faida kubwa niliiona hapo: hatimaye kulikuwa na rangi zinazonizidi weusi. Mpaka leo natumia fondesheni ya kijiti kama kontua. Ya kwangu ni kahawia ya buni iliyokaangwa sana.

Brashi nilinunua seti nzima Kariakoo, nyingi zimelala kwenye mfuko wake. Ninayoitegemea ni ndogo, nywele zake zimebanana na zimekatwa mshazari, tena ni za plastiki, kwa sababu nywele za mnyama hunywa krimu, rangi ikabaki kwenye brashi badala ya usoni. Ile pana ya kupakia poda naiacha, haina adabu, inageuza nusu ya shavu kuwa kivuli.

Watu wengi hunyonya mashavu ndani ili wajue pa kupaka. Mimi sifanyi hivyo, kwani lile shimo linashuka chini kuliko mfupa wenyewe. Naupapasa mfupa wa shavu kwa kidole, kisha naweka brashi chini yake kidogo. Rangi naigusa kidogo tu, naipunguza nyuma ya kiganja, halafu naanzia karibu na sikio, maana brashi inapotua kwanza ndipo inapoacha rangi nyingi. Naelekea upande wa pembe ya mdomo, lakini nikifika usawa wa mwisho wa jicho nasimama. Ukipita hapo uso unaonekana umechoka.

Sivuti, nagonga-gonga. Ukivuta unaing'oa fondesheni ya chini. Kisha brashi ya pili, ya mviringo na laini, isiyo na rangi yoyote, inalainisha ukingo wa juu kwa kupandisha. Hiyo ndiyo inayofanya kazi yote, na hukaa nayo muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Nakagua kwa mwanga wa dirishani, nikigeuza uso upande.

Taya napitisha chini ya mfupa, paji la uso naliruka, ni dogo tayari. Pua nachukua kibrashi cha wanja wa kope na poda badala ya krimu, maana kwa joto la Dar pua ndiyo inayotoka jasho kwanza. Mashavuni nako napitisha poda nyepesi juu ya krimu ili ishike.

Kwenye sendofu ya binamu yangu shangazi alinishika mkono mlangoni: "Mwanangu, mbona umepungua hivi, unaumwa?" Nikamwambia, "Mzima shangazi, ni poda." Hakuniamini mpaka aliponiona nakula.

Brashi za krimu zioshe kila wiki kwa sabuni ya kipande, mafuta ya krimu yanaganda na kuacha mabaka. Zilaze, nywele zikining'inia ukingoni mwa meza. Usizisimamishe kwenye kikombe zikiwa mbichi, maji yanashuka kwenye bati linaloshika nywele na gundi inaachia.