Siku yangu Lamu: dawa, mwanga na pumzi

Saa 12 asubuhi. Niko Langoni kwa bibi, nimekuja kumalizia sura ya tatu ya tasnifu yangu. Uani jiko la mahamri limegoma kushika. Makaa tele, kiberiti kipo, ila majivu yameziba matundu. Bibi anayakung'uta, anashika kipepeo. "Moto wataka pumzi, mwanangu."

Saa 3. Naandika. Tiba ya saratani kwa mwanga inataka vitu vitatu: dawa, mwanga, oksijeni. Mwanga mwekundu ukiigusa dawa, dawa huigeuza oksijeni iliyo jirani kuwa kali, nayo huua seli. Shida ni kwamba uvimbe wenyewe una kiu ya oksijeni. Ukienda mikromita 100 hadi 200 (milimita 0.1 hadi 0.2) kutoka kwenye mshipa wa damu, imeshakwisha. Hiyo kidogo iliyobaki, tiba inaila yenyewe!

Ndipo zinapoingia chembe nano, chembe ndogo mno za kuupelekea uvimbe oksijeni. Ninazozipenda zaidi ni za perflorokaboni, kimiminika kinachomeza oksijeni nyingi mno. Mwaka 1966 Leland Clark na Frank Gollan walizamisha panya ndani yake, kikiwa kimejaa oksijeni, na panya hao wakaendelea kupumua. Matone yake madogo hupakiwa dawa na oksijeni pamoja, na ile oksijeni kali hudumu zaidi humo. Wengine hutumia hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, au dioksidi ya manganizi inayozalisha oksijeni humo humo kwenye uvimbe. Nyingi bado zinajaribiwa kwa panya.

Saa 10 jioni. Gatini namwamkia ami, anashusha samaki.

"Dawa yenu ishatumika kwa watu?"

Namwambia ile ya mwanga peke yake, bila chembe nano, ndiyo: dawa iitwayo Photofrin iliidhinishwa Kanada mwaka 1993. Ila mgonjwa hukaa siku 30 au zaidi akilikwepa jua, ngozi isiungue.

Ami akaliweka tenga chini. "Mwezi mzima? Na baharini aende nani?"

Sikuwa na jibu. Nimeliandika swali lake daftarini: oksijeni ikitosha, dozi ya dawa yaweza kupunguzwa, na siku za kivuli nazo zipungue? Kwa mvuvi hilo ndilo swali la kwanza, na mimi nililiweka mwisho wa sura. Usiku huu nalihamishia mbele.

Saa 4 usiku. Bibi anayafukia makaa kwa majivu. Asubuhi atayakuta yangali mekundu. Ndivyo zilivyo baadhi ya seli za ndani ya uvimbe: zimekosa hewa, lakini hazijafa.