Kumbe haikukuwa vumbi

Mwezi muzima nilikuwa nafikiri ni vumbi nyeusi ya hapa Goma njo inaniwasha macho, nanawa kila saa kama mutu alikuwa anakata vitunguu, kumbe ni laptopu! Muganga wa macho aliniuliza tu "ukiwa unatumika unapepesaka macho?" nikanyamaza. Eti mbele ya ekra mutu anapepesa kidogo sana, macho inakauka. Akaniambia kila dakika 20 niangalie kitu iko mbali, mita 6 hivi, sekunde 20. Basi nikageuza meza, sasa naangaliaka Nyiragongo mu dirisha, siku ya mawingu naangalia mabati ya jirani 😅 Jana mama anapita: "We mutoto, njo kazi wanakulipia hii, kuangalia mulima?" Lakini mangaribi kichwa haiumi tena.