36 iliyotakiwa kuwa 84

Hii ilikuwa mtihani wa majaribio, nipo sekondari. Swali la mwisho: mabano (2x − 1/x²) kwenye kipeo cha 9, tafuta temu isiyo na x. Nikacheka kimoyomoyo, si nililala nalo jana yake hili. Jirani yangu namwona anazidisha mabano kwa mabano, karatasi inajaa tu, nikamwonea huruma kwa kweli, maana ukitanua lote zinatoka temu 10 na inayotakiwa ni moja.

Mimi nikakimbilia vipeo. −1/x² unaichukua mara r, 2x unaichukua mara 9−r, kwa hiyo kila r ikipanda moja unakosa x moja juu halafu mbili zingine zinaliwa na zile za chini, kipeo cha x kinabaki 9−3r. Kiwe 0, basi r ni 3, kwisha habari. 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, alama hasi kwa sababu 3 ni witiri. Imebaki 9C3 tu, yaani njia za kuchagua 3 kati ya 9, na kalkuleta sina, nikachora pembetatu ya Pascal pembeni, ile ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake, hadi mstari wa 1, 9, 36, 84, 126, nikahesabu kwa kidole moja, mbili, tatu. 36! Nikaandika −2304, mistari miwili chini yake, nikaweka kalamu, nikabaki naangalia dirishani.

Karatasi zikarudi, nina 2 kati ya 5. Nikaenda kwa ticha kifua mbele.

"Ticha hapa umenionea, r si ni 3?"

"Ni 3."

Hakuongeza neno. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika 0 ndogo chini ya ile 1 ya mwanzo wa mstari wangu, akaandika 1 chini ya 9, halafu akanipa kalamu mimi. Nikaandika 2 chini ya 36. Hapo nikanyamaza yani, hata kumwangalia nikashindwa. 3 ikaangukia kwenye 84, na 84 mara 64 ni 5376, kwa hiyo jibu −5376, temu ya 4 wala siyo ya 3, kwa sababu r inaanzia sifuri na mimi kidole changu kilianzia moja.

Na yule jirani wa kuzidisha mabano alipata zote 5. Kurasa mbili na nusu, makato kibao, ila −5376 ilikuwepo pale chini kabisa, imezungushiwa duara.